Kufundisha KKK gerezani: vitabu vya darasa la kwanza viacheni nyumbani

Mkuu, umesema kikundi chenu kinataka kujitolea kufundisha wafungwa kusoma, kuandika na kuhesabu (KKK), na tayari mmekusanya vitabu vya darasa la kwanza. Nimeifanya kazi hiyo miaka minne, kila Jumamosi, kwenye gereza la wilaya huku kwetu. Vitabu hivyo wapeni watoto.

Sisi tulianza navyo. Mzee mwenye wajukuu unamfungulia picha ya mtoto na mpira! Wiki ya pili, kati ya kumi na wanne walirudi watatu. Nyapara, yaani mfungwa anayesimamia wenzake, ndiye aliyetuambia: "Mwalimu, watu wanaona aibu."

Tukaanza upya na jina la kila mtu, la mama yake, la kijiji chake. Kisha maneno yanayomgusa pale alipo: hukumu, shahidi, rufaa. Hapa Tanzania, kwa aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya, kutoa kusudio (taarifa) la kukata rufaa ni ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya siku 45. Asiyejua kusoma hungoja mwenzake apate nafasi ya kumwandikia, na siku hazimngoji. Baba mmoja alikaa na nakala ya hukumu yake miaka miwili bila kujua imeandikwa nini. Siku aliyoweza kusoma jina lake pale juu alinyamaza, akalipitisha kidole, akalisoma tena. Sijaisahau sura yake.

Kwenye hesabu msiwadharau. Fundi ujenzi anakupigia kwa kichwa mifuko ya saruji ya nyumba nzima. Kinachomshinda ni kuiandika. Kugawanya tulifundishia msamaha wa theluthi, ule anaopata mfungwa mwenye tabia njema. Kifungo cha miaka 6, theluthi yake ngapi? Imebaki mingapi? Hapo hasinzii mtu. Kutoka kwenye miaka tukaenda kwenye miezi, kisha kalenda.

Utaratibu mtaelekezwa na mkuu wa gereza. Mwandikieni barua mapema. Kwetu simu zinaachwa getini na penseli zinahesabiwa mkiingia na mkitoka. Msibebe ujumbe wa mtu, hata akilia. Msiulize kosa. Wazee waamkieni shikamoo kama mnavyowaamkia wazee wa mtaani. Wengine wana miaka hawajaisikia kwa mtu wa nje.

Ila nyinyi mtakuwepo saa mbili kwa wiki, basi. Wanaoshinda na kulala nao ni wafungwa wenzao. Tafuteni waliomaliza la saba au kidato cha nne, wafundisheni namna ya kufundisha, kila mmoja achukue wanafunzi wawili. Kazi kubwa kwetu waliifanya hao.

Na jiandaeni kwa uhamisho. Unafika Jumamosi, mwanafunzi wako kapelekwa gereza la mkoa mwingine. Ndiyo maana kila mmoja tunampa daftari lake, na ukurasa wa kwanza tunaandika amefikia wapi, ili mwalimu atakayemkuta huko asimrudishe kwenye a, e, i, o, u.