Kurudi kitubioni baada ya miaka tisa

Milele amina, dada. Umesema hujaungama miaka tisa, maneno ya kuungama umeyasahau, na foleni ya maungamo ya Jumamosi inakutia aibu. Maneno yasikusumbue: ukikwama mwambie padre, "Nimesahau utaratibu," atakuongoza.

Kazi yenyewe iko nyumbani, kabla hujatoka. Kaa nusu saa na Amri Kumi, uzipitie moja moja. Dhambi za mauti (zile nzito, ulizotenda kwa kujua na kwa hiari) hutajwa kwa aina na idadi, kadiri unavyokumbuka. "Nimemkosea Mungu kwa mengi" haitoshi. "Nimelewa karibu kila mwisho wa mwezi kwa miaka mitatu" inatosha, na padre hahitaji kujua nani alinunua bia. Wengi huharibu hapa, wanaungama dhambi za mume na za mawifi. Uliyoisahau kwa kweli imeondolewa pamoja na nyingine, utaitaja safari ijayo. Dhambi ya mauti uliyoificha makusudi inabatilisha maungamo yote.

Kuhusu foleni, omba miadi siku ya kazi. Na kama unaishi na mwenzio bila ndoa ya Kanisa (hukusema), muone paroko ofisini kwanza. Hilo lina mazungumzo yake, haliishi kwa dakika tano huku watu wanasubiri nyuma yako.

Malipizi (sala au tendo utakalopewa na padre) yafanye siku hiyohiyo, ukiahirisha utasahau ulipewa nini. Na siri? Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa inamfunga padre kabisa, hata akiitwa mahakamani.