Silaha ya haraka au ya polepole: hasira ya Warrior inatoka wapi?

Anayeanza Warrior, yaani mpiganaji wa karibu, kwenye mchezo wa kompyuta wa World of Warcraft Classic hukimbilia silaha ya kasi 1.5, akiamini mapigo mengi ni hasira nyingi (hasira, au rage, ndiyo inayolipia mapigo yake maalumu). Si kweli. Namba hiyo ni sekunde kati ya pigo na pigo, na hasira hupimwa kwa dameji. Ukiwa leveli 60, chukua dameji ya pigo la kawaida (lile linalojipiga lenyewe), gawanya kwa 230.6, kisha zidisha kwa 7.5. Silaha ya 3.0 ikipiga 300 inakupa kama 9.8. Ya 1.5 ikipiga 150 inakupa 4.9, ila imepiga mara mbili kwa muda uleule. Basi tazama kwanza dameji kwa sekunde, kasi baadaye.

Kasi hulipa pale kitu kinapohesabiwa kwa kila pigo. Kipaji cha Unbridled Wrath, ukikijaza pointi 5, kina asilimia 40 za kukuongezea hasira 1 kila unapopiga. Silaha ya 1.5 hupiga mara 40 kwa dakika: wastani wa hasira 16, kama hukosi. Ya 3.0 inaambulia 8. Dense Sharpening Stone, jiwe la kunolea silaha, nayo huongeza dameji 8 kwa pigo, kwa hiyo silaha ya haraka inaifaidi zaidi. Crusader, uchawi unaotiwa kwenye silaha, isikudanganye: nafasi yake ya kuwaka imepangwa kwa dakika, kasi haiibadilishi.

Silaha nzito ina tatizo lake. Krit (pigo lenye dameji maradufu) ya 1400 huleta hasira 45 kwa mkupuo, na kikomo ni 100. Ikikukuta na 70, hasira 15 zimepotea bure. Tumia kabla ya pigo kutua. Na ukikosa kwa silaha ya 3.6, utasubiri sekunde zote hizo mikono mitupu.

Heroic Strike, pigo maalumu la kulipia hasira, ndiyo inayowafilisi wengi. Bei iliyoandikwa ni 15, lakini inachukua nafasi ya pigo la kawaida, na pigo hilo halileti hasira tena. Kwenye pigo la 300 umelipa karibu 25. Kwenye la 150, karibu 20, na nyongeza ya dameji ni ileile. Ndiyo maana baadhi ya wenye vifaa vizuri wanaoshika silaha mbili hupenda ya haraka mkono wa kwanza. Ila kuibonyeza kila pigo kwa 1.5 kunadai hasira 600 kwa dakika. Bila vifaa hivyo, sahau.

Burning Crusade, toleo lililofuata la mchezo, ilibadilisha hesabu: nusu ya ile ya zamani, kisha jumlisha kasi ya silaha mara 1.75 kwa mkono wa kwanza. Silaha ya 3.6 inapata 6.3 za ziada, ya 1.5 inapata 2.6, kwa sekunde ni sawa tena. Kasi inayohesabiwa ni ya asili, hivyo heisti (nyongeza ya kasi ya kupiga) yoyote ni faida tupu.

Kwa tunaocheza kutoka Uganda, seva ziko mbali. Mapigo ya kawaida huhesabiwa kwenye seva, hivyo mtandao mzito hauyaibi. Mbinu ya kupanga Heroic Strike ili silaha ya mkono wa pili isikose sana, kisha kuifuta dakika ya mwisho, ndiyo inayoharibika: amri huchelewa, pigo linatoka, 15 zimekwenda. Ifute nusu sekunde kabla, na chagua silaha ya 2.4 kwenda juu mkono wa kwanza, kwa 1.5 nafasi ya kufanya hivyo ni finyu mno.