Kabla hujaposti sura ya kwanza: kwa mgeni kwenye hadithi za mashabiki

Hadithi ya shabiki huchukua wahusika wa kazi ya mtu mwingine, iwe riwaya, filamu, katuni ya Kijapani au mchezo wa video, na kuwapeleka ambako mwenye kazi hakuwapeleka. Kwa mtu aliyekua akisimuliwa vituko vya Sungura na Abunuwasi, kila msimulizi na chake, au aliyefuatilia malenga wakijibizana magazetini, wazo hilo si geni. Kigeni ni utaratibu wake mtandaoni. Wageni wengi wanaokwama wanajua kuandika vizuri tu. Kinachowaangusha ni fomu waliyoijaza vibaya, au kuzungumza na wenyeji kana kwamba wako kwenye kundi la WhatsApp.

Maskani makubwa ni matatu. FanFiction.net ilianza mwaka 1998, ina hazina kubwa ya kazi za zamani, na tangu 2002 haipokei hadithi za ngono za wazi. Wattpad ilianzia Kanada mwaka 2006. Ni ya simu zaidi, wasomaji hutoa maoni aya kwa aya, na picha ya jalada ina uzito kuliko unavyodhani. La tatu ni Archive of Our Own, ambalo wenyewe huliita AO3. Lilifunguliwa kwa umma Novemba 2009, linaendeshwa kwa kujitolea na shirika lisilo la faida la Organization for Transformative Works, na mwaka 2019 lilipata Hugo, tuzo ya hadithi za sayansi na fantasia. Halina matangazo, halina programu rasmi ya simu, na wala halimsukumii msomaji kitu lilichomchagulia. Orodha hupangwa kwa tarehe, na msomaji huchuja mwenyewe kwa tagi, yaani maneno mafupi yanayosema kilichomo. Maana yake ni kwamba ukikosea tagi, hadithi yako haipo. Ndiyo sababu maelezo haya yanaegemea huko.

Kusoma hakuhitaji akaunti. Kuposti kunahitaji mwaliko: unaweka barua pepe yako kwenye foleni, unasubiri saa kadhaa au siku kadhaa, kisha kiungo kinakuja. Kisipokuja, tazama kwanza folda ya taka kabla hujalalamika. Umri wa chini ni miaka 13. Fungua barua pepe mpya kwa ajili ya shughuli hii, yenye jina la kalamu na si jina lako la kitambulisho. Sababu yake tutaifikia.

Unaposubiri, soma. Kila hadithi ina kitufe cha kupakua, na EPUB, aina ya faili la kitabu cha kidijitali, ndiyo nyepesi kwa simu. Pakua kumi ukiwa kwenye Wi-Fi, usome baadaye bila kula bando. Tazama hasa hadithi zenye maoni mengi kwenye ushabiki wako, yaani kazi ya asili unayoiandikia, zilivyojaza sehemu ya juu, kwa sababu hiyo sehemu ya juu ndiyo utakayoijaza wewe.

Fomu inaanza na daraja la umri. Yako matano: la watu wote, la kuanzia vijana, la watu wazima, la mambo ya wazi kabisa, na la kutopangwa. Hilo la mwisho huwadanganya wageni. Wanadhani ni la katikati, salama, kumbe mfumo unalihesabu pamoja na yale ya watu wazima, na msomaji asiye na akaunti hukutana na onyo kabla ya kuingia. Hadithi yako ya watoto wawili wanaopika chapati itakosa wasomaji bila sababu.

Kisha maonyo. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, kwa hiyo tukae kidogo. Mambo ya lazima ni manne: ukatili ulioelezwa kwa kina, kifo cha mhusika mkuu, ubakaji, na ngono inayomhusisha aliye chini ya miaka 18. Pembeni yake kuna visanduku viwili vinavyofanana machoni lakini vinasema mambo tofauti. Kimoja kinasema hakuna kati ya hayo manne ndani ya hadithi. Kingine kinasema mwandishi ameamua kutosema. Cha kwanza ni ahadi, na cha pili ni tahadhari: ingia kwa hiari yako. Mgeni anayetaka kumuua shujaa sura ya 20 na hataki kuharibu mshtuko huweka alama kwenye cha kwanza, kisha anashangaa watu wakimjia juu. Wana haki. Kulikuwa na njia ya kuficha siri bila kusema uongo, nayo ni kisanduku cha pili. Msomaji akiripoti, wasimamizi watakutaka urekebishe, na hutakuwa na hoja.

Kwenye uhusiano wa wahusika, alama ndogo hubeba maana yote. Mkwaju kati ya majina mawili, A/B, ni mapenzi. Alama ya &, A & B, ni urafiki, udugu au uadui, chochote kisicho mapenzi. Ukiweka mkwaju kwa ndugu wawili wa damu kwa kutojua, utapata wasomaji usiowataka na kuwakosa uliowataka. Mkwaju uwekwe tu kwa uhusiano unaobeba hadithi. Mapenzi yanayotajwa kwa sentensi mbili sura ya tisa hayastahili tagi, maana anayewatafuta hao wawili atasoma sura nane akingoja, kisha akutukane moyoni.

Tagi za ziada zina mipaka: ukijumlisha ushabiki, uhusiano, wahusika na ziada, jumla isizidi 75. Hata hivyo hakuna anayehitaji 75. Kumi hadi kumi na tano zinatosha hadithi ya kawaida. Andika polepole, uache orodha ijitokeze, uchague tagi iliyopo tayari badala ya kubuni yako. Wapo watu wa kujitolea wanaounganisha tagi zinazofanana, lakini yako ya ajabu inaweza kukaa pweke muda mrefu. Mkato hutenganisha tagi, kwa hiyo sentensi yenye mkato itakatika vipande viwili. Weka tagi ya kilichomo sasa. Kinachokuja sura ya 12 kitawekwa sura ya 12 ikifika. Na usiweke jina la ushabiki maarufu ambao haumo ndani ili upate macho: hiyo ni kero ambayo huripotiwa haraka.

Lugha: Kiswahili kimo kwenye orodha, kichague. Hadithi za Kiswahili huko ni chache mno, na ukiacha lugha nyingine kwenye kisanduku, hata huyo mmoja anayezitafuta hatakuona. Tagi zenyewe ziache katika umbo lake la Kiingereza, kwa sababu ndilo linalounganishwa na vichujio. Muhtasari uandike kwa Kiswahili. Muhtasari una nafasi ya herufi 1,250, ila sentensi tatu zinatosha: nani, anataka nini, nini kinamzuia. "Sijui kuandika muhtasari, ingieni tu msome" ni mlango uliofungwa kwa ndani.

Kiswahili kina mtego wake hapa. Wahusika wawili kwenye chumba kimoja, wote ni "a-", wote ni "yeye", na "akamwambia amemwona" haijulikani nani kamwona nani. Kwa hadithi za mashabiki, ambazo nusu yake ni watu wawili wanaozungumza, ukungu huo huchosha upesi. Dawa ni kurudia majina bila aibu, au kutumia cheo na undugu: nahodha, kaka mtu, mganga. Amua pia mapema kama wahusika wako watapeana shikamoo. Askari wa angani anayemwamkia kamanda wake "shikamoo afande" anaweza kupendeza sana, mradi afanye hivyo tangu ukurasa wa kwanza na si pale tu ulipokumbuka.

Usiandike moja kwa moja kwenye fomu. Rasimu isiyopostiwa hufutwa baada ya takriban mwezi mmoja, na umeme hauna adabu. Andika kwingine, kisha bandika. Kisanduku cha maandishi kina sura mbili: ya HTML, yaani alama za kuunda ukurasa wa wavuti, na ya maandishi yaliyopambwa. Ukibandika kutoka Google Docs kwenye ile ya HTML, italiki zote, yaani herufi za mlazo, hupotea. Ukibandika kwenye ile nyingine zinabaki, lakini mara nyingi nafasi ya ziada huingia pembeni ya neno lenye italiki, ukaona mkato unaelea peke yake. Bonyeza hakiki, pitia, futa nafasi hizo. Kama sura ilikaa kwenye rasimu wiki mbili, kagua na tarehe yake kabla ya kuiachia. Ikibaki ya zamani, itazama chini ya orodha siku ileile inapozaliwa.

Idadi ya sura huonekana kama 1/? au 1/8. Kama hujui mwisho, acha alama ya kuuliza. Wasomaji wengi huchuja hadithi zilizokamilika tu, kwa hiyo mgeni hufanikiwa zaidi akianza na hadithi fupi ya sura moja, maneno 1,500 hadi 5,000, kuliko kutangaza msafara wa sura 40 ambao utafia njiani sura ya nne.

Sasa la pesa, kwa sababu sisi tuna mazoea yetu. Mtu aliyezoea riwaya za Facebook, ambako sehemu ya saba inakatwa palipo patamu na kufuatiwa na namba ya kulipia ili uingizwe kwenye kundi, akileta mtindo huo AO3, hadithi yake itaondolewa. Hairuhusiwi kuuza sura, kuomba tipu, kuweka kiungo cha Ko-fi au Patreon, tovuti za kuchangiwa pesa, wala kusema "mwendelezo uko kwangu kwa buku". Si ukali wa bure. Wahusika si wako, na hoja inayotumika chini ya sheria ya Marekani kuzitetea kazi hizi hupata nguvu kwa kuwa hakuna anayefanya biashara. Ukitaka kuuza riwaya, jambo jema kabisa, buni wahusika wako.

Maoni yana adabu yake. Maoni mazuri ni mahususi: taja sentensi iliyokugusa, sema ilikufanya nini, inatosha. "Next", "endelea basi" na "mbona kimya" ni lugha ya kawaida kwenye makundi yetu, lakini huku husomeka kama kumdai mtu deni asilokopa. Usimsahihishe mwandishi ambaye hakuomba. Usiyempenda, usimsome, kitufe cha kurudi nyuma hakilipiwi. Kama huna la kusema, kuna kudosi, ule moyo mdogo chini ya ukurasa, ambao kila akaunti huutoa mara moja tu kwa kila hadithi. Kwa upande wako kama mwandishi, unaweza kuzuia maoni ya wasio na akaunti, kuyapitia kabla hayajaonekana, au kuifungia hadithi nzima wenye akaunti pekee. Fanya hivyo bila kuomba radhi.

Na jihadhari na msifiaji wa ghafla. Siku chache baada ya kuposti, anakuja mtu: hadithi yako imemgusa mno, anaiona kama filamu, yeye ni mchoraji, mtafutane Discord, programu ya kuchati. Hataji jina la mhusika hata mmoja, au anataja yaliyomo kwenye muhtasari tu. Ukimfuata, sifa hugeuka bei ya michoro, na fedha zikienda hazirudi. Mpime kwa swali moja: ni tukio gani ungependa kulichora? Asiyesoma hujibu kwa maua. Yaripoti maoni yake kama taka, kisha yafute, endelea na kazi.

Mtu anayekusomea kabla ya kuposti huitwa beta. Ukimwomba, mwambie urefu, daraja, maonyo, unachotaka akague (sarufi, mantiki, au kama wahusika wanafanana na asili yao), na siku unayohitaji. Maneno 5,000 mpe angalau wiki. Mpe ruhusa ya kupendekeza kwenye faili, si ya kuhariri. Hapa ndipo ile barua pepe mpya inapookoa: faili la Google Docs huonyesha jina la mwenye akaunti, na wengi wamejianika kwa majina yao matatu kwa mtu wasiyemjua.

Kutafsiri kazi ya mtu kwenda Kiswahili ni mlango mzuri wa kuingilia, ila mwombe mwandishi ruhusa kwanza. Angalia wasifu wake, wapo walioandika kwamba wameruhusu wote. Asipojibu, maana yake hapana. Akikubali, kwenye fomu jaza sehemu ya kazi iliyokuvutia, weka kiungo, na utie alama kwamba ni tafsiri.

Ukiingia kwenye mabadilishano ya zawadi, ambako waandishi hupangiwa kuandikiana hadithi, soma sheria mara mbili. Yuletide, ya tangu 2003 na kwa ushabiki mdogo, hutaka angalau maneno 1,000, na hadithi hufunguliwa 25 Desemba. Ukiona hutaweza, jitoe mapema kwa kitufe kilichopo ili mwandishi wa akiba apangwe. Kujitoa kwa wakati husamehewa. Anayenyamaza mpaka siku ya mwisho hufungiwa milango msimu unaofuata.

Hadithi kuhusu watu halisi, kama wanamuziki na wachezaji, AO3 huziruhusu. Lakini aliyeko Dar au Nairobi akumbuke Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya ya 2018, ambazo zilipopitishwa zote ziligusa habari za uongo. Kwa mgeni, tunashauri wahusika wa kubuni.

Siku ukichoka, usikimbilie kufuta. Kuna njia ya kuiacha hadithi yatima: inabaki, maoni yanabaki, jina lako linaondoka. Wasomaji walioihifadhi hawapotezi kitu. Ila haina kurudi, hata wasimamizi hawakurejeshei, na kama jina lako umeliandika ndani ya dokezo la sura, litabaki palepale. Lifute kwanza.