Bastola za mtumba wa jeshi: ipi ya kuweka nyumbani?

SWALI: Naishi Houston, Texas, na nina kadi ya kijani. Natafuta bastola ya kulinda nyumba. Dukani nimeoneshwa Makarov ya Bulgaria na Tokarev ya Rumania, zote mtumba wa jeshi. Muuzaji anasema chuma cha zamani hakifi. Nichukue ipi?

JIBU: Kuhusu chuma hajakosea. Nyingi zilikaa ghalani miaka na miaka zimepakwa girisi, bila kupigwa sana. Lakini chuma kuwa kigumu hakuifanyi bastola ifae kando ya kitanda. Chukua Makarov, tena baada ya kuikagua.

Tokarev haikuundwa na sefti, yaani kizuizi cha usalama. Kile kidude unachokiona pembeni kiliongezwa ili iruhusiwe kuingia Marekani. Nyundo ina kituo cha nusu, mahali inapozuiliwa katikati ya njia yake, ila kikishalika, bastola ikianguka inaweza kulia yenyewe. Kwa hiyo iwekwe chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi) ikiwa tupu, na hapo usiku wa hatari unahitaji mikono miwili na akili iliyotulia ili uvute slaidi, sehemu ya juu inayoteleza, kwanza. Risasi yake, 7.62×25 (unene na urefu wa ganda kwa milimita), hutoka kwa zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Kuta za jasi hazizuii risasi ya bastola karibu yoyote, ila hii hutokea upande wa pili ikiwa bado na nguvu nyingi, na huko pengine amelala mtoto.

Makarov iliingia jeshi la Kisovyeti mwaka 1951. Ina uzito wa gramu 730 hivi na hubeba risasi 8. Unaweza kuiweka na risasi chembani, nyundo ikiwa chini. Mvuto mmoja mrefu wa triga unatosha. Ukipandisha sefti, nyundo inashuka bila kuigonga pini, kile kisindano kinachoilipua risasi. Shika hili: juu ni salama, chini ni tayari. Kwenye Walther PP, bastola ya Kijerumani, ni kinyume, na aliyezoea moja hujichanganya kwenye nyingine.

Kasoro zake? Kitasa cha magazini (kikasha cha risasi) kiko chini ya kitako, hivyo kubadilisha magazini ni kazi ya taratibu. Risasi yake ni 9×18, wala si 9×19 iliyojaa kila duka. Ni nene zaidi kidogo, karibu milimita 9.27, na nguvu yake ni kama jouli 300 dhidi ya 500 za 9×19. Usijaribu kutumia moja badala ya nyingine. Uliza bei ya risasi kabla ya bei ya bastola, maana unafuu wote unaweza kuishia hapo.

Ukaguzi: omba ruhusa ya muuzaji, toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba kwa jicho na uiguse kwa kidole. Elekeza mtutu juu, ingiza penseli, upande wa kifutio ukitangulia. Vuta triga: penseli iruke nje. Rudisha penseli, koki nyundo (ivute nyuma mpaka ishike), kisha pandisha sefti. Nyundo itashuka na penseli isitikisike. Ikiruka, iache hapo hapo dukani. Ukishanunua, piga angalau risasi 200 uwanjani, 50 kati ya hizo zikiwa za aina utakayoiweka nyumbani. Ikikwama, anza kwa kubadilisha springi ya slaidi na magazini. Ndivyo vinavyochoka kwanza.

SWALI: Ndugu yangu yuko huku kwa viza ya mwanafunzi. Naye anaweza kununua?

JIBU: Hapana. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kumiliki bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa vigezo vichache kama leseni halali ya uwindaji. Usimnunulie kwa jina lako. Hilo ni kosa la jinai.

SWALI: Nina CZ 52 ya Chekoslovakia. Mara nyingine nyundo inapiga lakini risasi hailii. Risasi ni za zamani za jeshi.

JIBU: Kwanza subiri sekunde 30 mtutu ukiwa kwenye shabaha; risasi inaweza kuchelewa. Mkosaji wa kwanza wa kushukiwa ni girisi ya ghalani iliyoganda kwenye njia ya pini. Toa pini, safisha njia yake kwa mafuta ya taa ukiwa nje penye hewa, kausha, usiache mafuta mengi humo. Girisi hiyo hiyo ikiikwamisha pini mbele, bastola inaweza kulia slaidi inapofunga. Ikague pini yenyewe pia: za asili za CZ 52 ni dhaifu, huvunjika kwa kufyatua chemba tupu.

Risasi za zamani aghalabu huacha chumvi mtutuni, nayo huvuta unyevu na kuleta kutu hata kwa usiku mmoja. Mafuta hayaiyeyushi, maji ya moto ndiyo. Mimina mtutuni siku hiyo hiyo, kausha kabisa, ndipo upake mafuta.

Na kishusha nyundo cha CZ 52 usikiguse risasi ikiwa chembani. Kikishalika, badala ya kushusha nyundo hufyatua.