Inalia mara tano halafu giza

SWALI: Habari fundi. Nina steshenari hapa Tanga, natumia kompyuta ya mezani ya mtumba, ile sipiyu ya ofisini. Tangu mvua zianze kila asubuhi nikiwasha feni inazunguka, taa ya kwenye batani inakuwa nyekundu inawaka na kuzima, inapiga mlio mara tano inanyamaza halafu inarudia, skrini giza tupu. Nikizima na kuwasha siku nyingine inakubali ila sasa tarehe inakuwa imerudi nyuma miaka kibao, nikitaka kumfungulia mwanafunzi maombi ya mkopo HESLB inaniambia muunganisho si salama. Jioni huwa nazima mpaka swichi ya ukutani mana naogopa umeme. Fundi wa jirani anasema window imekufa nimpe elfu ishirini apige upya, ikikataa basi ni maza bodi, kile kibao kikuu cha ndani. Nimpe? (Mama Steshenari, Tanga)

JIBU: Usimpe dada. Window inakaa kwenye hadi diski, na kompyuta haianzi kuisoma mpaka imalize kujikagua yenyewe kwanza. Yako inakwama hukohuko kwenye kujikagua, hata nembo ya kampuni haijatoka, sasa hiyo window atakayopiga itasomwa na nani? Ndo kawaida ya baadhi ya mafundi wetu, akishindwa kuelewa tatizo anakimbilia window.

Mashine yenyewe imeshasema inaumwa wapi. Hujataja kampuni, ila taa nyekundu na mlio mara tano kwa pamoja, kwenye HP za ofisini kama Compaq Pro 6300 hiyo ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ama haijakaa sawa ama imekufa. Ingelia mara nne ningekwambia tuangalie pawa saplai, lile boksi la ndani linaloingiza umeme, mara mbili ni prosesa, ubongo wa kompyuta, inachemka. Kama yako ni Dell au nyingine usitumie hesabu hii, kila kampuni ina milio yake.

Fanya hivi: zima, chomoa waya wa umeme kabisa, kisha bonyeza batani ya kuwashia kama sekunde 10 umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu, gusa chuma cha boksi kwanza kabla hujagusa kitu ndani. RAM ni vile vibao vyembamba virefu vimesimama karibu na feni ya prosesa, achia vishikizo vya pembeni uvitoe. Chukua raba ya penseli (si unauza hapo hapo) usugue taratibu yale meno ya rangi ya dhahabu pande zote mbili, ufute kwa kitambaa kikavu na usiyashike tena kwa vidole. Tundu lake lipitishie brashi kavu, usipulize kwa mdomo mana unaongeza majimaji na Tanga hewa yenu imeshajaa unyevu wa kutosha, na huo ndo naushuku tangu mwanzo. Rudisha kibao kimoja tu, kandamiza mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe, hapa wengi wanaogopa wanaacha kimekaa nusu. Ikiwaka ongeza cha pili, ikianza kulia tena jaribu kibao hichohicho kwenye tundu lingine kabla hujakitupa. Ukilazimika kununua nenda nacho dukani, RAM zina aina zake, DDR3 na DDR4 haziingiliani.

Tarehe ni jambo lingine kabisa, ni betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu kwenye maza bodi, ya volti 3. Swichi ya ukutani ikiwa imewashwa saa ya ndani inakula umeme wa kawaida hata kama kompyuta imezimwa, wewe unazima yote kwaiyo usiku kucha inategemea betri na betri imechoka. Usiache kuzima lakini, betri ni bei ndogo kuliko radi. Ukishabadilisha, washa ubonyeze F10 kwa HP, rekebisha tarehe na saa, seivu. Na HESLB itafunguka, mana kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na kuisha, kompyuta yako ikidhani tupo 2012 inaona cheti bado hakijaanza.

Ikigoma yote hayo, fundi akuwekee RAM ya mashine nyingine mbele ya macho yako, ndo ataje maza bodi.

SWALI: Yangu haina mlio wala taa, kimya kabisa, na soketi ni nzima. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Angalia kiswichi cha nyuma kwenye pawa saplai kama hakijazimwa, halafu azima waya wa umeme wa monita ujaribu nao, mara nyingi ni aina ileile. Bado kimya basi pawa saplai inaongoza kwa kushukiwa. Badilisha nzima, usiifungue, ndani mna kapasita zinazotunza umeme hata ukishachomoa.