Vika mmoja si kika, wala panya si simu

Swali: Mwanangu amesoma habari za panya mkubwa wa Visiwa vya Solomon aitwaye vika. Akiwa mmoja, je, ni kika? Tena tuseme "vika hii" au "vika huyu"? (Mzazi, Busia, Uganda)

Jibu: Mtoto hakukosea njia, kwa maana hivyo hivyo ndivyo Waswahili walivyolipokea neno la Kiarabu kitabu, ambalo ki- yake ni sehemu ya mzizi, wakalizalia vitabu. Vika, hata hivyo, hana uhusiano na vi- yetu, wala na kuvika taji: ni jina walilompa wenyeji wa kisiwa cha Vangunu, na wanasayansi walipomtangaza mwaka 2017, baada ya mmoja kuanguka na mti uliokatwa na wavuna magogo, walilichukua lilivyo, wakamwita Uromys vika. Mmoja ni vika, na wengi ni vika.

Swali la pili limenitonesha donda. Hapo Busia yuko mchuuzi wa sumu mwenye kipaza sauti kinachorudia tangu alfajiri: "Panya yako inakula, inakauka, inakufa, hainuki!" Sumu yake sina ugomvi nayo. Lakini inayokufa ni simu iliyoishiwa chaji. Panya, aliyeguguna gunia la mahindi usiku kucha na kumpiga chenga paka, anakula, anakauka, anakufa, hanuki. Hata akishakufa hatoki katika ngeli ya A-WA, kwa hiyo utamwambia mtoto "mtoe nje", si "itoe nje". Kifaru wa hifadhi ya Ziwa kule Nakasongola amebeba ki- ile ile ya kiti na bado ni kifaru huyu. Sembuse panya, asiye na kiambishi cha kumponza?

Nitaambiwa kwamba Uganda karibu nzima husema "panya hii" na mambo yanakwenda. Najua. Sokoni nimekwisha kuzoea, navuka tu barabara. Katika daftari la mwanafunzi, kalamu nyekundu hainisubiri.

Upenyo upo mmoja. Vika hufikia kama sentimita 46 kutoka puani hadi ncha ya mkia, na anayetaka kumkuza ana ruhusa ya kusema "jipanya hili limeanguka", kwa sababu hapo ukubwa umeutawala upatanisho. Ruhusa hiyo ni ya jipanya peke yake. Mwanao aandike: "Vika huyu anaishi mitini."