Kaa Mbichi na Kaa Aliyepikwa: Niliyojifunza Kuhusu Kuwahifadhi Nyumbani

Mtu aliyekulia bara huja pwani na mazoea ya nyama ya buchani na samaki wa ziwani, kwamba kitoweo kikishanunuliwa, jambo la kwanza ni kukifikisha kwenye friji. Nami nilihamia Dar es Salaam na mazoea hayo hayo, na yalinigharimu kaa wengi kabla sijaelewa kwamba kiumbe huyu ana utaratibu wake. Kaa mbichi huhifadhiwa akiwa hai, kivulini, mpaka dakika ya kuingia chunguni. Friji ni ya kaa aliyekwisha kupikwa. Ndugu mgeni ukilishika hilo, mengine yote nitakayoeleza hapa utayaona yanafuatana yenyewe.

Sababu iko ndani ya gamba. Kaa ana tezi kubwa ya kumeng'enyea chakula, ile sehemu laini ya rangi ya manjano ambayo walaji wengi huipenda, na maadamu kaa yu hai vimeng'enya vyake hubaki mahali pake. Anapokufa, vimeng'enya hivyo huvuja na kuanza kulainisha nyama yake mwenyewe, huku bakteria waliokuwa kwenye matamvua na utumboni wakienea mwilini bila kizuizi. Katika joto letu la nyuzi 30 na zaidi kazi hiyo huenda haraka kuliko kwa samaki, kwa kuwa samaki unaweza kumpasua na kutoa matumbo mara tu anapovuliwa, ilhali kaa hukaa na vyote vilivyomo ndani ya gamba lililofungwa. Miongoni mwa bakteria hao wamo wa jamii ya Vibrio, ambao makazi yao ya asili ni maji ya bahari yenye uvuguvugu, na ambao humletea mlaji tumbo la kuhara, kutapika na homa.

Kwa hiyo uhifadhi huanzia sokoni. Ninaponunua kaa koko, yule mkubwa wa mikokoni mwenye magando mazito, humgusa karibu na macho nione kama atayarudisha ndani upesi, kisha humwinua nitazame miguu. Miguu inayoning'inia bila nguvu ni dalili ya kaa anayekaribia kufa, hata kama muuzaji ataapa kwamba amelala tu. Humnusa pia. Kaa mzuri ananukia bahari na tope la mikokoni, lakini aliyeharibika hutoa harufu kali inayochoma pua kama mkojo uliolala. Utakutana na muuzaji atakayekupunguzia bei kwa kaa aliyekufa, akikuhakikishia kwamba amekufa sasa hivi. Mkatalie kwa adabu. Yeye mwenyewe mara nyingi hajui saa yenyewe, kwa sababu kaa waliopangwa kwenye tenga hufa mmoja mmoja bila kelele, na kumpika sana hakutakuokoa, kwani zipo sumu zinazoachwa na bakteria ambazo moto wa jikoni hauziondoi.

Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa la ndoo. Nilinunua kaa 6 alasiri, nikawaza kwamba kiumbe wa majini anahitaji maji, nikawatia kwenye ndoo iliyojaa maji ya bomba. Asubuhi niliwakuta 5 wamekufa, na yule wa 6 hakuwa na nguvu hata ya kuinua gando. Kaa koko huvumilia mabadiliko ya chumvi, kwa kuwa anaishi mahali mto unapokutana na bahari, lakini maji matupu ya bomba, tena yaliyosimama, ni jambo lingine. Kinachoua upesi zaidi ndani ya ndoo ni ukosefu wa hewa, maana kaa kadhaa huimaliza oksijeni ya maji yasiyotembea kwa muda mfupi, kisha hukosa pumzi mle mle majini. Hata ungetumia maji ya bahari halisi, ndoo isiyo na mashine ya kupuliza hewa ingekuletea msiba huo huo.

Anachohitaji kaa koko nje ya maji ni unyevu. Matamvua yake yakiwa na maji maji huendelea kuvuta oksijeni hewani, na ndiyo maana wafanyabiashara huweza kuwasafirisha kaa hawa kwa ndege wakiwa hai kutoka pwani yetu hadi China bila kuwaweka ndani ya maji. Nyumbani mimi hutumia pakacha, au kikapu chochote kinachopitisha hewa, nikatandika gunia la katani lililoloweshwa maji ya chumvi na kukamuliwa, nikawapanga kaa tumbo likiwa chini, kisha nikawafunika kwa gunia lingine bichi. Maji ya chumvi hutengenezwa kwa kukoroga vijiko viwili vya chakula vya chumvi katika lita moja ya maji, ambavyo ni karibu gramu 35, kiasi kinachokaribia chumvi ya baharini. Kikapu hukaa sakafuni, kwenye kona isiyopigwa na jua wala upepo mkali, kwani upepo hukausha matamvua, na gunia hunyunyiziwa kila linapoanza kukauka. Usiwafunge kwenye mfuko wa plastiki uliokazwa, na usiwarundike tabaka juu ya tabaka hadi wa chini wakalemewa.

Kamba walizofungwa sokoni usizikate. Gando la kaa koko mkubwa linaweza kuvunja kidole cha mtu mzima, na kaa walio huru hukatana miguu wao kwa wao, na kaa aliyejeruhiwa hupoteza maji ya mwilini na kufa mapema. Kwa utaratibu huu sijapata shida kuwaweka usiku mmoja, ingawa kaa mwenye afya anaweza kuishi siku kadhaa. Mimi sivuki siku ya pili, kwa kuwa kaa asiyekula hupungua nyama kila siku inayopita, na sioni faida ya kulipia uzito ambao sitaukuta mezani. Kaa wa maji ya wazi, wale wenye rangi ya buluu na miiba mirefu pembeni mwa gamba, hawana uvumilivu huo hata kidogo, na ukiwapata wahai wapike siku hiyo hiyo.

Wageni wengi huniuliza kwa nini kaa hai asiwekwe kwenye friji, mahali pa baridi. Friji ya nyumbani ikiwa sawasawa iko kwenye nyuzi 4 au chini yake, na kaa wetu ni wa bahari ya joto. Baridi hiyo humlegeza, na akikaa humo usiku kucha anaweza kufa bila wewe kujua ni saa ngapi, nawe ukarudi kwenye tatizo lile lile la muuzaji. Baridi ina matumizi yake dakika za mwisho tu. Kabla ya kupika humzamisha kaa kwenye barafu iliyochanganywa na maji yenye chumvi kwa dakika 20 hadi 30, hadi asiitikie tena akiguswa, ndipo namtia kwenye maji yanayochemka. Hafi kwa kuteseka, na hatupi miguu kwa kupaparika, jambo linalotokea mara kwa mara kaa mchangamfu anapotumbukizwa motoni. Na nikifunua gunia asubuhi nikamkuta mmoja amekufa, namtupa, hata kama ndiye mkubwa kuliko wote. Inauma, hasa kwa bei za siku hizi, lakini sijapata kujuta.

Katika kupika, rangi hudanganya. Gamba hugeuka jekundu kwa sababu joto huachilia rangi iliyokuwa imefungwa kwenye protini, na hilo hutokea mapema kabla nyama ya katikati haijaiva. Kaa wa nusu kilo nampa dakika 15 tangu maji yachemke upya, na wa kilo moja dakika 20 hadi 25. Mwenye kipimajoto na ahakikishe kwamba nyama ya ndani imefika nyuzi 63. Asiye nacho avunje pale gando linapoungana na mwili, na nyama iwe nyeupe isiyopenyeza mwanga, inayoachana na gamba.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimeliona likifanywa na wapishi wazuri kabisa, na ambalo mimi mwenyewe nililifanya mwaka wangu wa kwanza, familia yangu ikalilipia kwa siku mbili za kuhara. Kaa walikuwa wameiva vizuri. Nikawatoa chunguni na kuwarudisha kwenye kikapu kile kile walichotokea wakiwa wabichi, juu ya gunia lile lile, wapoe. Kaa aliyepikwa ni shamba jipya kwa bakteria: wapinzani wao wamekufa kwa moto, chakula kipo tele, na uvuguvugu unawafaa. Tone moja la maji ya kaa mbichi linatosha kuanzisha upya kile ulichokiua. Mwaka 1971 huko Maryland, nchini Marekani, mamia ya watu waliugua kutokana na Vibrio, na ilibainika kwamba baadhi ya kaa waliosababisha ugonjwa walikuwa wamekwisha kupikwa kwa mvuke, kisha wakasafirishwa pamoja na kaa wabichi. Tenga, sinia, kisu, ubao wa kukatia, kitambaa na mikono yako mwenyewe, vyote vilivyogusa kaa mbichi vioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla havijakaribia kaa aliyeiva, na ukiweza tenga kikapu cha wabichi kisichofanya kazi nyingine yoyote.

Kaa aliyeiva hapaswi kukaa mezani zaidi ya saa 2, na siku za Januari na Februari ambazo jikoni kunapita nyuzi 32, muda huo ni saa 1. Mimi huwapoza upesi kwa kuwatumbukiza kwenye maji safi ya barafu kwa dakika chache, nawachuja, nafungua gamba, naondoa matamvua yale ya kijivu yanayofanana na vidole, kisha nawaweka kwenye chombo kipana chenye kina kifupi na mfuniko unaobana. Hukaa rafu ya chini ndani kabisa, ambako baridi ni kali, wala si mlangoni ambako joto huingia kila mtu anapotafuta maji ya kunywa. Huliwa ndani ya siku 2, na 3 ndiyo mpaka wangu. Mchuzi wa kaa wa nazi naupa siku 1 tu, kwa kuwa tui nalo huchacha upesi. Nikijua tutabakiza, huweka nyama kando bila tui na kupika mchuzi mpya kesho yake. Ukipasha, pasha mpaka mchuzi utokote, sehemu ya kula wakati huo tu, usirudierudie chungu kizima.

Kwa friza, usigandishe kaa mbichi mzima. Nyama yake hushikamana na gamba, na ikiyeyuka hutoka maji maji na kulegea. Mpike kwanza, mpoze, mfunge kwenye mifuko miwili baada ya kuitoa hewa, uandike tarehe. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri ladha yake hubaki nzuri kwa miezi 2 hadi 3. Nyama ya magando na miguu huvumilia baridi kuliko ile ya mwilini, nami siku hizi nagandisha magando pekee. Ya kuyeyusha uishushe kwenye friji tangu usiku, ndani ya bakuli ili maji yake yasichuruzikie vyakula vingine.

Umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi baridi yake kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu tu huihifadhi kwa saa 24, lakini friji kwa saa 4 tu. Nimewafundisha watoto wasifungue mlango kuchungulia. Kaa wa kwenye friza ambaye bado ana chembe za barafu ndani yake, au ambaye bado ni wa baridi kama wa friji, anaweza kugandishwa tena ingawa ladha itapungua. Aliyekwisha kuwa vuguvugu kwa zaidi ya saa 2 hatuli, wala hatumwonji kwa ncha ya ulimi kujua kama ameharibika, kwa sababu Vibrio haibadilishi ladha.